Soma Miaka Miwili: Mwongozo wa Kutembelea Kumbukumbu na Makumbusho Madogo ya Nairobi

Karibu kila mkazi wa Nairobi amewahi kumwambia mwenzake "tukutane pale Kimathi" au "nakungoja Archives", akakaa hapo nusu saa akiangalia simu, asijue ameegemea nini. Mwongozo huu ni wa mtu anayetaka kwenda sehemu hizo kwa kusudi: mkazi mwenye asubuhi moja ya Jumamosi, mzazi ambaye watoto wake wamefunga shule, au mgeni kutoka Mombasa, Arusha au Bujumbura aliyemaliza shughuli zake na ana saa kadhaa kabla ya basi la usiku.

Jumba kubwa la makumbusho pale Museum Hill lina siku yake, na linastahili siku nzima. Hapa nazungumzia sehemu ndogo zilizotawanyika kati ya Moi Avenue na Uhuru Highway, ambazo nyingi unaweza kuzifikia kwa miguu, pamoja na mbili zilizo mbali kidogo zinazohitaji matatu.

Kuna zoea moja nakuomba uwe nalo kila mahali. Mbele ya kila sanamu, kibao au ukuta wa majina, tafuta miaka miwili: mwaka tukio lilipotokea, na mwaka kumbukumbu ilipowekwa. Kisha toa mmoja kwa mwingine. Tofauti hiyo itakueleza ni nani aliruhusiwa kulia hadharani na nani alilazimika kungoja. Mara nyingine hesabu hiyo hufundisha kuliko maandishi yote ya kibao.

Anza na Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau dhidi ya mkoloni, pale mtaa wenye jina lake unapokutana na Mama Ngina Street. Alinyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957, akazikwa humo humo katika kaburi lisilo na alama. Sanamu hii ilizinduliwa tarehe 18 Februari 2007. Hapo ni miaka 50 kamili, na 43 kati ya hiyo Kenya ilikuwa imekwishapata uhuru. Kwa nini basi? Sehemu ya jibu imo katika sheria: amri ya mkoloni ya mwaka 1950 iliyopiga marufuku Mau Mau ilibaki katika vitabu vyetu hadi mwaka 2003. Serikali tatu za nchi huru zilikuja na ile amri bado iko. Jina la mtaa lilipatikana mapema, lakini mwili wa shaba ulingoja.

Sasa mtazame mwenyewe. Mchongaji, Kevin Oduor, amempa bunduki mkono wa kulia na kisu mkono wa kushoto. Usitosheke na kumwona kwa mbele. Zunguka hadi nyuma uone nywele za msokoto zinavyomwangukia na vazi lake la msituni. Nenda kabla ya saa tatu asubuhi. Baadaye wapita njia huwa wengi na utasukumwa.

Kutoka hapo ni mwendo mfupi kwa miguu hadi Moi Avenue, kwa Tom Mboya. Aliuawa kwa risasi Jumamosi, tarehe 5 Julai 1969, kwenye barabara hii hii, alipokuwa akitoka kwenye duka la dawa. Alikuwa waziri na umri wake ulikuwa miaka 38. Sanamu iliwekwa mwaka 2011, miaka 42 baadaye, hatua chache kutoka mahali alipoangukia. Vijana hukaa kwenye ukingo wake wakila njugu, na sioni ubaya wowote katika hilo. Wewe simama kidogo, tazama upande wa pili wa barabara, ujue kwamba mauaji haya yalifanyika mchana, katikati ya watu waliokuwa wakinunua na kuuza kama wanavyofanya leo.

Hapo karibu ndipo lilipo jengo lenye nguzo ambalo wote hulijua kwa jina la Archives, yaani Nyaraka za Taifa. Hapo zamani lilikuwa benki. Maelfu hupita mlangoni pake kila saa na wachache sana huingia, ilhali ghorofa ya chini ni mojawapo ya makumbusho bora katika jiji hili. Ni mkusanyo wa Joseph Murumbi, makamu wa pili wa rais wa Kenya, ambaye alijiuzulu mwaka 1966 baada ya miezi michache tu ofisini. Alitumia maisha yake kukusanya kazi za mikono za Afrika: nguo, mapambo, vinyago, silaha, viti, vitabu vya kale. Kiingilio ni kidogo. Nenda siku ya kazi au Jumamosi asubuhi, maana Jumapili utakuta mlango umefungwa. Ukiwa na nusu saa tu, usijaribu kuona kila kitu. Chagua upande mmoja, nguo kwa mfano, uzitazame kwa utulivu. Murumbi utakutana naye tena, kwa hiyo likumbuke jina lake.

Kabla sijasonga mbele, machache ya kuandaa. Beba kitambulisho. Sehemu zilizo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya hulipiwa kupitia eCitizen na raia hulipa nafuu kuliko mgeni, basi hakikisha simu ina chaji na una salio. Begi litapekuliwa mlangoni. Kupiga picha masanamu ya barabarani hakuna shida, lakini usielekeze kamera kwenye Bunge, kwa polisi au kwa majengo ya serikali. Ukivuka Moi Avenue, simu irudi mfukoni. Vaa viatu vya kutembea. Na ukipata mhudumu mwenye umri mkubwa, msalimie vizuri, "shikamoo mzee", kisha umuulize kitu kimoja mahususi badala ya kumwambia "nieleze hapa". Nimepata kujua mengi zaidi kwa kuuliza "hiki kilitoka wapi?" kuliko kwa kusoma vibao.

Sasa nenda Kenyatta Avenue, kwenye masanamu ya askari. Hapa nakuomba ukae muda mrefu zaidi, ingawa pamebanwa na magari na moshi. Ni watu watatu wa shaba, askari pamoja na mpagazi, kazi ya mchongaji Mwingereza James Alexander Stevenson. Miji mitatu ilipata kumbukumbu za namna hii miaka ya 1920 ikielekea ukingoni: Nairobi, Mombasa na Dar es Salaam, na zote zinahusu vita vya 1914 hadi 1918. Tofauti ya miaka ni ndogo, kama kumi tu. Walioziweka walikuwa na nguvu na fedha, na walikuwa na haraka.

Soma maandishi ya chini. Yako kwa Kiingereza, Kiswahili na Kiarabu, na maneno yake hunasibishwa na Rudyard Kipling. Yanawasifu wapagazi kuwa ndio waliokuwa miguu na mikono ya jeshi. Yanamwahidi anayekufa akiipigania nchi yake kwamba wanawe watalikumbuka jina lake. Halafu tafuta majina. Zunguka pande zote. Hutapata hata moja.

Wapagazi hao walichukuliwa kwa makumi ya maelfu kutoka kila pembe ya nchi, wengi kwa nguvu, wakabeba risasi na unga hadi kusini kabisa mwa Tanganyika. Waliokufa kwa kuhara, malaria na njaa walikuwa wengi kuliko waliokufa kwa risasi. Mwaka 2021 tume ya makaburi ya vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa ripoti na kuomba radhi. Ilikiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, na huenda hata 350,000, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Wapo wazee ambao babu zao waliondoka kwa "vita vya Mjerumani" na hawakurudi. Kama kwenu kuna hadithi ya namna hiyo, masanamu haya ndiyo kaburi pekee mtakalopata mjini. Nenda na jina la babu, ulitamke pale. Halijaandikwa, lakini hakuna anayekuzuia.

Ukitaka kuona tofauti kwa macho, siku nyingine panda matatu ya 111 uende Ngong Road, kwenye makaburi ya vita yaliyo kando ya msitu. Waliozikwa hapo ni wa vita vya pili vya dunia, karibu watu 2,000, na eneo lilianzishwa mwaka 1941. Karibu kila kaburi lina jiwe lake, jina, kikosi na tarehe. Kuingia ni bure. Mlangoni huwa kuna daftari la majina na la wageni. Andika jina lako. Tembea polepole kati ya mistari usome umri wa vijana wale. Ni mahali pa kimya sana, nyasi zimekatwa vizuri, na ukitoka pale ndipo utakapoelewa kwa nini kukosekana kwa majina kule Kenyatta Avenue kunauma.

Bustani ya Agosti 7, pembeni mwa Moi Avenue na Haile Selassie Avenue, inahitaji moyo tofauti. Bomu lililolipuliwa na al-Qaeda nje ya ubalozi wa Marekani tarehe 7 Agosti 1998 liliua zaidi ya watu 200 hapa Nairobi, na siku hiyo hiyo jingine likaua 11 Dar es Salaam. Wamarekani waliokufa Nairobi walikuwa 12. Wengine waliokufa karibu wote walikuwa Wakenya waliokuwa kazini, ndani ya matatu au katika jengo la Ufundi lililoporomoka. Bustani ilifunguliwa mwaka 2001, kwa hiyo tofauti ni miaka mitatu tu. Walioweka kumbukumbu hii walikuwa bado hawajamaliza kuomboleza, na inaonekana.

Kuna ukuta wa majina, kuna sanamu iliyoundwa kwa mabaki ya mlipuko, na kuna jumba dogo la makumbusho lenye filamu. Nakushauri uanze na jumba, umalize na ukuta. Ndani utajifunza jambo ambalo wengi wamelisahau. Kabla ya mlipuko mkubwa kulisikika kishindo kidogo na milio ya risasi, watu wakakimbilia madirishani kuona kuna nini. Ndipo kioo kilipowavunjikia usoni. Ndiyo sababu jiji hili lilipata vipofu wengi siku moja. Walifanya ambacho kila mmoja wetu angefanya.

Ukifika kwenye ukuta, usiupige picha haraka haraka. Chagua majina machache uyasome yote, la kwanza hadi la mwisho, kwa sauti ndogo. Utaona makabila yote, dini zote. Kama kuna mtu amesimama muda mrefu mbele ya jina moja, mwachie nafasi, usimuulize chochote. Watoto chini ya miaka kumi wanaweza kucheza bustanini bila kuingia kwenye filamu. Wakubwa zaidi waeleze kabla ya kuingia, si baada ya kutoka. Na ukienda tarehe 7 Agosti yenyewe, fika mapema na ukae nyuma. Siku hiyo ni ya familia.

Ukitoka hapo ukiwa na nguvu bado, makumbusho ya reli yako karibu, nyuma ya stesheni. Yalifunguliwa mwaka 1971. Watoto watapanda injini kubwa za mvuke na watafurahi, waache. Lakini tafuta behewa ambalo ndani yake afisa wa polisi wa reli, Charles Ryall, alinyakuliwa na simba pale Kima mwaka 1900. Hadithi yake inasimuliwa kila mahali. Isiyosimuliwa sana ni ya vibarua walioletwa kutoka India kujenga njia hii kati ya 1896 na 1901: walikuwa karibu 32,000, na karibu 2,500 wakafa. Ryall ana behewa lake. Muulize mhudumu, hao wengine wana nini?

Uhuru Park iko upande wa pili wa Uhuru Highway. Ndani yake, upande wa Freedom Corner, kuna kumbukumbu ya wahanga wa mateso ya ukoloni, iliyozinduliwa Septemba 2015. Hali ya hatari ya mkoloni dhidi ya Mau Mau ilitangazwa mwaka 1952. Toa, na ukumbuke pia nani alilipa: serikali ya Uingereza, baada ya kukubali mwaka 2013 kuwalipa wazee 5,228 waliokuwa wameteswa kambini. Wazee hao walipeleka kesi London wakiwa na mikongojo. Bila wao pangekuwa na nyasi tu.

Sanamu inaonyesha mwanamke akimpa mpiganaji chakula. Simama pembeni, si mbele, utaona nyuso zao hazikutani. Ndivyo ilivyofanywa vitani, ili mmoja akikamatwa asiweze kumtaja mwenzake. Kwangu hii ndiyo kumbukumbu iliyofikiriwa vizuri kuliko zote za jiji hili, kwa sababu inamweka mwanamke aliyebeba kikapu mahali pake. Ukiwa pale pale, kumbuka kwamba Februari 1992 akina mama wa wafungwa wa kisiasa, pamoja na mwanaharakati wa mazingira Wangari Maathai, waligoma kula kwenye kona hii wakidai watoto wao. Polisi waliwapiga. Baadhi yao walivua nguo mbele ya polisi hao, laana ambayo kila Mkenya aliielewa. Walihamia kanisa la All Saints lililo hapo karibu na wakaendelea na mgomo wao kwa muda mrefu, hadi karibu wafungwa wote wakaachiliwa.

Njia panda ya Kenyatta Avenue na Uhuru Highway ina majengo mawili ambayo ni lazima uyatazame pamoja. Dogo ni Nairobi Gallery, lililojengwa mwaka 1913 kuwa ofisi ya mkuu wa mkoa. Humo ndimo walimosajiliwa wazaliwa, maharusi na marehemu wa jiji. Leo ni ukumbi wa sanaa, na Murumbi yumo tena, safari hii kwa michoro na vitu vya nyumbani mwake. Kubwa, lile ghorofa refu la rangi ya udongo lililo jirani, ni Nyayo House, ambapo wengi wetu tumepanga foleni ya pasipoti. Chini yake kuna vyumba ambavyo miaka ya 1980 watu walifungiwa gizani, wakamwagiwa maji na kupigwa, wengi wakishukiwa kuwa wa Mwakenya, kundi la siri la upinzani. Mwaka 2003 vyumba hivyo vilionyeshwa hadharani. Havijawa makumbusho ya kudumu ambayo unaweza kununua tiketi ukaingia, na waliopitia humo wamekuwa wakidai iwe hivyo. Usijaribu kushuka wala kupiga picha. Ingia Nairobi Gallery, utazame kazi za sanaa kwa nafasi yako, kisha utoke usimame ngazini uliangalie ghorofa lile. Zoea la miaka miwili hapo linashindwa, kwa kuwa mwaka wa pili haupo.

Kwa City Park, Parklands, tenga alasiri nyingine. Panda matatu za Limuru Road. Joseph Murumbi na mkewe Sheila wamezikwa hapo, katika bustani ndogo yenye sanamu za mawe na chuma za wasanii wa Afrika Mashariki, wakiwemo Elkana Ong'esa wa Kisii na Francis Nnaggenda wa Uganda. Murumbi alichagua mahali hapo ili awe karibu na rafiki yake Pio Gama Pinto, ambaye kaburi lake liko katika makaburi ya jirani. Pinto, mwandishi wa habari aliyezaliwa Nairobi mwaka 1927, aliwekwa kizuizini na mkoloni, akawa mbunge wa nchi huru, kisha akapigwa risasi nje ya nyumba yake tarehe 24 Februari 1965. Kaburi lake halina ukubwa wowote. Mwombe mlinzi akuelekeze, la sivyo utalipita. Usibebe ndizi mkononi, kima wa City Park hawaombi ruhusa. Na uondoke kabla ya saa kumi na moja jioni, hasa kama uko peke yako.

Unapotoka kwenye kila jumba, mlangoni utakuta kitabu cha wageni. Wengi huandika "pazuri" na kuondoka. Andika zaidi. Vibao vingi katika sehemu hizi ni vya Kiingereza kitupu, hata panapozungumziwa mama wa Nyeri au kibarua wa reli ambaye hakujua neno moja la lugha hiyo. Omba vibao vya Kiswahili, taja ni kibao kipi na chumba kipi. Ukiona tarehe iliyokosewa, iandike. Ukiwa na picha ya babu aliyekuwa mpagazi au ya shangazi aliyefanya kazi jengo la Ufundi, sema unayo, uache namba ya simu. Sehemu ndogo hazina watu wa kuzunguka vijijini kutafuta vitu hivyo, husubiri viletwe.